Nyota Mbili Zikikutana, Nyumba Yako Yahusu Nini?

Msomaji mpenzi, kuna jambo ambalo hurejea kila baada ya muda, na kila likirejea huacha hasara katika nyumba zetu za pwani. Jua likishatua, upande wa magharibi huonekana nyota mbili kubwa zimesogeleana, zang'aa kuliko nyota zote. Kesho yake zimezidi kukaribiana. Kesho kutwa zaonekana kama taa mbili zilizotundikwa mlingoti mmoja. Hapo ndipo minong'ono inapoanza. Huyu asema ni dalili ya vita, yule asema ni dalili ya maradhi. Na wa tatu, ambaye ndiye mwenye hatari kuliko wote, hasemi lolote hadharani. Yeye angoja mlango wake ubishwe.

Huyo wa tatu wamjua. Ndiye atakayefungua kitabu kilichochakaa, akuulize jina lako na jina la mama yako, azigeuze herufi kuwa hisabu ya abjadi, agawe kwa kumi na mbili, kisha akwambie kuwa kilichobaki ndiyo buruji yako. Atakunja uso. Atakwambia Zohali ameingia katika nyota yako na Mushtarii amemfuata, kwa hiyo harusi ya binti yako iakhirishwe, au safari ya mumeo ya Maskati isifanywe, au duka lisifunguliwe mpaka lisafishwe. Na kusafisha kuna bei yake: ubani, kuku, kombe, na bahasha isiyokuwa tupu.

Makala hii yataka kusema neno moja, na kulisema waziwazi. Kukutana kwa nyota si khabari ya nyumba yako. Ni khabari ya hisabu. Anayekuuzia khofu kwa jambo lililoweza kuhesabiwa tangu babu yako hajazaliwa, amekuibia mara mbili. Amechukua fedha zako, na amechukua mbingu yako, kwani baada ya hapo hutaitazama tena kwa moyo mkunjufu.

ZAKUTANA VIPI?

Hizo tuzionazo zikisogeleana ni sayari: Zuhura, Mushtarii, Zohali, Mirihi na Utaridi. Hazina mwanga wao wenyewe. Zang'aa kwa mwanga wa jua kama mwezi ung'aavyo. Zote, pamoja na ardhi yetu hii, zalizunguka jua, na mizunguko yao imelala karibu katika bapa moja. Ndiyo sababu sisi huziona zikipita katika njia moja tu ya mbinguni, njia ile ile ipitayo jua na mwezi.

Sasa fikiri watu wanaotufu. Aliye karibu na Al-Kaaba humaliza mzunguko wake upesi, na aliye pembezoni huchukua muda mrefu. Ndivyo zilivyo sayari na jua. Zuhura humaliza mzunguko wake kwa siku 225, ardhi yetu kwa siku 365, Mushtarii kwa karibu miaka 12, na Zohali kwa miaka 29 na nusu hivi. Wenye kwenda njia moja kwa mwendo mbalimbali, je, hawatapitana? Hapana budi watapitana. Mushtarii humpita Zohali kila baada ya miaka 20 takriban. Na mwezi, ambao hulizunguka anga lote kwa siku 27 na kitu, humpita Zuhura kila mwezi.

Na huko kupitana ni kwa macho yetu tu. Simama pwani jioni utazame majahazi mawili. Moja li karibu na mwamba, la pili li mbali linapokutana anga na bahari. Toka pale uliposimama waona tanga la hili limegusa tanga la lile, na mtoto aweza kupiga ukelele kuwa yatagongana. Lakini mabaharia waliomo hata hawaonani nyuso.

Tarehe 21 Disemba 2020, baada ya magharibi, Mushtarii na Zohali walikaribiana machoni petu hata ikabaki baina yao sehemu moja ya tano tu ya upana wa mwezi. Hawakuwa wamekaribiana namna hiyo tangu mwaka 1623, na ule mkutano wa 1623 ulikuwa karibu mno na jua, vigumu kuonekana. Mkaribiano kama huo uliokuwa mwepesi kuonekana ulikuwa wa mwaka 1226. Ni jambo adhimu, na aliyeliona ameona. Lakini usiku ule Mushtarii alikuwa mbali nasi kwa kadiri ya kilomita milioni 890, na Zohali kwa zaidi ya kilomita milioni 1,600. Baina yao wenyewe mlikuwa na kilomita zaidi ya milioni 700. Huo ndio mkutano uliotiwa khofu. Ni wapi hapo walipokutana wakakunong'onezea jina lako?

HOJA ZA WENYE KUUZA KHOFU

Watakwambia: "Mwaka ule wa 2020 si ndio mwaka wa korona?" Ni kweli. Lakini korona ilianza kuonekana Uchina mwishoni mwa mwaka 2019, na mkutano wa sayari ukaja mwaka mzima baadaye, misiba imeshapita katika miji na misikiti imeshafungwa na kufunguliwa. Tangu lini mtoto akamzaa mama yake? Na Mushtarii na Zohali walikutana pia mwaka 2000, na mara tatu katika mwaka 1981, na kabla ya hapo mwaka 1961. Kila mmoja wa miaka hiyo una waliozaliwa na waliokufa, waliotajirika na waliofilisika. Ukitafuta msiba utaupata katika mwaka wowote, ziwe sayari zimekutana au zimetengana.

Watakwambia: "Lakini kitabu kimetoa hisabu kwa jina lako." Haya, tuifanye hisabu hiyo sisi wenyewe. Katika mtaa mmoja wa mji wetu hukosi kumkuta Fatuma binti Aisha zaidi ya mmoja. Herufi zao ni zile zile, hisabu yao ni ile ile, na kinachobaki ukigawa kwa kumi na mbili ni kile kile. Basi mbona huyu ana wajukuu saba na nyumba ya ghorofa, na yule ni mjane anauza maandazi? Je, angebadili jina lake kesho, Zohali angeipata wapi khabari hiyo?

Watakwambia, na hii ndiyo hoja yao ya kijanja: "Nyinyi mwakubali kuwa mwezi huvuta maji ya bahari. Kama mwezi wavuta bahari, sayari zitashindwaje kumvuta mtu?" Hapa yataka tuwajibu kwa utulivu, kwani sehemu ya kwanza ni kweli. Kila mvuvi ajua kuwa bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji mafu huja katikati yake. Lakini mwezi u karibu nasi, kiasi cha kilomita 384,000 tu. Zuhura, hata akiwa karibu nasi kupita wakati wote, mvuto wake wa kuinua maji haufiki sehemu moja ya elfu kumi ya mvuto wa mwezi. Na Mushtarii ni mdogo zaidi kuliko hapo. Kisha tazama: mwezi wenyewe, pamoja na nguvu zake zote, huinua bahari kwa ajili ya mvuvi mwema na mvuvi mwovu sawasawa. Haumchagui mtu. Basi vipi kilicho dhaifu kuliko mwezi mara elfu kumi kimchague binti yako kwa jina lake, kimzuie asiolewe?

TAREHE IMESHAWAUMBUA

Si leo watu walipoanza kutishwa. Mwaka 582 wa Hijra, nao ni mwaka 1186 wa Miladi, sayari zilikusanyika katika buruji ya Mizani. Wanajimu wa nchi nyingi wakatangaza kuwa Mizani ni buruji ya upepo, kwa hiyo utavuma upepo utakaoangamiza miji. Wako waliochimba makimbilio chini ya ardhi. Usiku uliotajwa ukafika. Ibnul-Athir, mwanatarehe aliyeishi zama hizo, ameeleza kuwa upepo haukuvuma kabisa, hata wakulima wakapata taabu kwa kukosa upepo wa kupepetea nafaka zao. Kama ni ishara, basi ishara ilikuwa ya kuwaumbua wanajimu.

Na usidhani kuwa haya ni ya watu wa kale tu, wala ya Waislamu peke yao. Mwaka 1974 wasomi wawili, John Gribbin na Stephen Plagemann, waliandika kitabu wakasema kuwa mwaka 1982, sayari zitakapokuwa upande mmoja wa jua, kutakuja tetemeko kubwa huko California. Hawa hawakuwa wapiga ramli; walitumia maneno ya sayansi. Watu wakangoja tarehe 10 Machi 1982. Siku ikaja, siku ikapita, tetemeko halikuja. Basi khofu yaweza kuvaa kilemba, na yaweza kuvaa koti na tai. Wewe uliza hoja, usitazame mavazi.

Ibn Khaldun, katika Mukadima yake, alitenga mlango mzima wa kuubatilisha unajimu. Miongoni mwa madhara aliyoyataja ni hili: mara moja ikisadifu kuwa kweli, watu wasiokuwa na elimu huyasadiki na yote mengine. Ndivyo hasa ilivyo mitaani kwetu. Mara tisa aliyoambiwa yakawa uwongo huyasahau, na ile mara moja huisimulia mpaka kwa wajukuu.

HUZUNI YA BABA, NA NENO LA HAKI

Katika mwaka wa 10 wa Hijra, Bwana Mtume (S.A.W.) alifiwa na mwanawe Ibrahim, mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili. Siku ile jua likapatwa. Watu wa Madina wakasema: limepatwa kwa kufa Ibrahim. Fikiri, ewe ndugu. Kama kuna mtu aliyekuwa na nafasi ya kuiacha fikra hiyo ienee, ni yeye. Ingelimzidishia heshima mbele ya watu, na ingeliliwaza huzuni ya baba. Naye hakunyamaza. Aliwaambia kuwa jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake, kisha akawaamuru kusali na kuomba.

Ikiwa jua lenyewe halikuwa na khabari ya mtoto wa Mtume, Zohali atakuwaje na khabari ya duka lako?

Na wewe mama unayefunga khanga yako usiku kwenda kubisha mlango ule, yakumbuke yaliyopokewa na Imam Muslim: mwenye kumwendea mtabiri akamuuliza jambo, hazikubaliwi sala zake siku arubaini. Siku arubaini! Umeamka alfajiri arubaini, umetia udhu kwa maji baridi, na yote hayo umeyabadilisha kwa maneno ya mtu ambaye hajui hata atakula nini kesho.

FALAKI YA WAZEE WETU ILIKUWA IPI?

Hapa wako watakaosema: "Mwatukana wazee wetu. Wao walikuwa na falaki na walikuwa wacha Mungu." Hatuwatukani, twataka kuwarejeshea haki yao. Neno falaki limetiwa vitu viwili mbalimbali katika kapu moja. Kimoja ni hisabu ya nyakati za sala, kibla, miezi na safari. Cha pili ni ramli iliyovishwa majina ya sayari. Nahodha aliyevuka kutoka Ghuba mpaka kwetu kwa kaskazi, akarejea kwa kusi, alizijua nyota kwa majina yake, na zilimfikisha. Ahmad bin Majid, nahodha mashuhuri wa karne ya 15, aliandika kitabu kizima cha ujuzi wa bahari na nyota zake, na pwani yetu hii imo katika safari alizozieleza. Hiyo ni falaki iliyookoa roho za watu. Yule anayegawa jina lako kwa kumi na mbili ameokoa roho ya nani?

Mtazame na Ibn Yunus wa Misri, aliyekufa mwaka 1009. Jioni moja ya mwezi wa Mei mwaka 1000, baada ya kutua jua, aliziona Zuhura na Utaridi zimekutana upande wa magharibi katika buruji ya Jauza. Akapima, akaandika kuwa baina yao ni theluthi ya digrii. Mikutano ya sayari aliyoiandika inapita arubaini, pamoja na kupatwa kwa mwezi na jua. Na tuseme kweli yote: yeye mwenyewe alijulikana pia kwa unajimu, kama wengi wa zama zake. Lakini kimebaki nini? Utabiri wake haumfai mtu yeyote leo. Vipimo vyake vya kupatwa kwa mwezi na jua, baada ya miaka mia nane na zaidi, mtaalamu wa Marekani Simon Newcomb alivichukua katika karne ya 19 akavitumia kuchunguzia mwendo wa mwezi. Kazi ya mkono mmoja, nusu yake imekuwa vumbi na nusu yake imekuwa elimu. Kwa nini sisi tumerithi vumbi?

NENO KWA WANAOKATAZA

Kuna na kundi jingine, nalo lina nia njema. Hawa, kwa kuchukia ramli, huwakataza watoto wasizitazame nyota kabisa. Mtoto akiuliza, "Baba, ile nini inayong'aa pale?" huambiwa anyamaze, hayo ni mambo ya shirki. Ndugu zangu, hapa mmekosea njia. Kurani imewaita watu watazame mbingu na wazingatie uumbaji wake, na imetaja kuwa kwa nyota watu huongoka njia. Nabii Ibrahim (A.S.) alitazama nyota, kisha mwezi, kisha jua, na kila kimoja kilipotua alikitumia kuwa hoja ya kumjua Mola asiyetua. Kutazama kwake ndiko kulikobomoa ibada ya nyota.

Mtoto uliyemnyima jibu leo, kesho ndiye mteja wa mwenye ramli. Khofu huingia pale elimu ilipotolewa. Mtoto aliyejua kuwa Mushtarii na Zohali watakutana tena mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba mwaka 2040, na kuwa jambo hilo limeshaandikwa katika majedwali ya hisabu, hatatishika mtu akija kumwambia, "Nimeona kwa siri." Siri gani inayopatikana katika jedwali?

NINI CHA KUFANYA

Basi msomaji, usingoje. Ukishasali magharibi, toka na watoto mpaka barazani au juu ya dari, mtazame magharibi. Mkiona taa nyeupe yang'aa sana kabla nyota nyingine hazijatoka, yamkini ni Zuhura. Yeye hatengani na jua zaidi ya digrii 47, kwa hiyo humkuti usiku wa manane. Ama huonekana jioni ama alfajiri. Mushtarii humfuata kwa mwanga, naye aweza kuonekana usiku kucha. Mirihi ana wekundu, Zohali ana umanjano na ni mpole zaidi. Nyota za kawaida humetameta; sayari hutulia.

Kisha wafundishe kupima. Nyosha mkono: ngumi yako ni kama digrii kumi, na kidole chako kidogo ni kama digrii moja, yaani upana wa miezi miwili mipevu. Mtoto aandike katika daftari: leo ngumi moja, kesho kutwa nusu ya ngumi, wiki ijayo vidole viwili. Atajionea mwenyewe jinsi zinavyosogeleana na kisha kuachana, kama alivyofanya Ibn Yunus.

Na Ramadhani, mnapolitafuta hilali, zidisheni uangalifu. Tarehe 24 Machi 2023, siku ya Ijumaa, hilali changa ya Ramadhani ya mwaka 1444 ilionekana pamoja na Zuhura, na picha zake zikajaa katika simu kutoka kila nchi. Lilikuwa jambo la kupendeza, na mwenye kusema Subhanallah amesema haki. Lakini wako waliolipa maana wasiyokuwa na dalili nayo, wakasambaza ujumbe na kuwatisha wengine wausambaze. Ujumbe wa namna hiyo ukikujia, usiupeleke mbele. Mchukue mtoto umtoe nje, umwonyeshe, umweleze kuwa mwezi humpita Zuhura kila mwezi, na safari hii umempita karibu.

Na ewe baba uliyeakhirisha nikaha ya mwanao kwa sababu ya nyota, ipange upya. Bwana harusi angojea, bibi harusi angojea, na Zohali hana habari nao. Fedha ulizoziweka kwa ajili ya mwenye kitabu mnunulie bibi harusi kitanda, au mlipie yatima ada ya skuli. Hiyo ni kheri utakayoikuta mbele ya Mola wako.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atuondolee khofu ya viumbe vyake, atujaalie kuzitazama ishara zake kwa macho ya wenye akili, na awape watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.